Ufukara wa Nyumbani na Masomo ya Shule ya Msingi

Mhadhara uliosomwa Tanga mbele ya walimu, wazazi, madiwani na wenyeji wa mji



Najua ya kuwa wamo ukumbini watu waliokwisha kufundisha vizazi viwili vitatu vya mji huu kusoma na kuandika, na kusema juu ya shule mbele ya watu wa namna hiyo ni jambo linalotaka adabu kabla ya kutaka elimu. Wale watakaosikia kwangu mambo wanayoyajua vyema kuliko mimi nawaomba stahamala yao. Nimeona heri niyapange yote tangu mwanzo, ili aliye mwalimu na asiye mwalimu tuanze mazungumzo yetu mahali pamoja.

Mazungumzo haya yanastahili kufanyika Tanga. Tangu miaka ya 1890, zama za Wadachi, mji huu ulikuwa na shule ya serikali yenye sifa pwani nzima, na mitambo ya shule hiyo ndiyo iliyochapa gazeti la Kiongozi, lililosomwa na makarani, maakida na walimu wa pwani na wa bara. Walakini shule ile haikukusudiwa kwa watoto wote. Ilikusudiwa kuwapatia watawala makarani na wakalimani, na mtoto wa mvuvi wa Pangani, wa mkulima wa Muheza, au wa manamba aliyeletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge, hakuwamo katika hesabu yake. Swali la nani ana haki ya kuingia darasani lilichukua zaidi ya miaka themanini kujibiwa. Swali lililobaki mikononi mwetu ni jingine, nalo ni gumu zaidi: aliyekwisha kuingia anapata nini humo, na kwa nini watoto wawili waliokaa dawati moja kwa miaka saba, mbele ya mwalimu mmoja, hutoka mmoja akisoma gazeti na mwenziwe akibabaika katika sentensi ya mistari miwili?

Kila mwaka Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya darasa la saba, wilaya zilizo juu hupongezwa na zilizo chini hukaripiwa. Walimu wakuu huitwa kujieleza, na pengine watoto wenyewe huambiwa ni wavivu. Madhumuni ya mhadhara wangu ni kuonyesha ya kwamba matokeo hayo, tunayoyapokea kama hukumu juu ya akili za watoto na bidii za walimu, ni mizani inayopima mzigo pamoja na kapu lake: hupima alichojifunza mtoto, na papo hapo hupima umbali wa kisima, elimu ya mama, chakula cha asubuhi na kipato cha baba. Na maadamu mambo haya humfikia mtoto mapema, miaka mingi kabla ya siku ya mtihani, nadai ya kwamba msaada wetu nao sharti umfikie mapema, katika darasa la kwanza, la pili na la tatu, na uwe mwingi zaidi pale penye dhiki zaidi. Nina hoja tano. Hazitalingana kwa urefu, kwa kuwa mambo yenyewe hayalingani kwa uzito.

Hoja ya kwanza: Kuandikishwa shuleni si kujifunza

Wazee waliomo humu wanaukumbuka mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea na kubainisha ya kuwa shule ya msingi isifanywe ngazi ya kupandia sekondari tu, kwa sababu watoto wengi hawatafika huko, bali iwe elimu iliyokamilika yenyewe. Visiwani Zanzibar, Mzee Karume alikwisha kutangaza elimu bila ya malipo tarehe 23 Septemba 1964. Huku bara, mnamo Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaazimia kwamba kufikia mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Lilikuwa azimio la insafu kubwa, wala sisemi neno la kulipunguza. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huko huko vijijini, wakaitwa walimu wa UPE, yaani wa elimu ya msingi kwa wote. Wananchi walichoma matofali na kukata miti ya kujengea madarasa. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 karibu watoto wote wa umri huo walikuwa wameandikishwa. Kisha ikaja dhiki ya uchumi, ada na michango ikarejea katikati ya muongo ule, na idadi ikashuka, hata ada ilipofutwa tena kuanzia mwaka 2002, na michango ya lazima kuanzia Januari 2016.

Kila mara mlango ulipofunguliwa watoto waliingia kwa wingi uliowazidi waliopanga. Hili peke yake ni jambo la kuzingatiwa na wale wanaosema ya kuwa mzazi fukara haithamini shule. Alikuwa akiithamini, ila alikuwa akishindwa bei yake.

Lakini darasa ambalo kwa kiwango cha serikali ni la watoto 45 likaja kuwa na themanini, na mahali pengine zaidi ya mia, na mwalimu wa darasa la kwanza akabaki na chaki ile ile na sauti ile ile. Natija yake ilionekana. Mwaka 2011 watafiti wa Uwezo, mpango wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto, walipita nyumba kwa nyumba wakiwapa watoto hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili, wakaona ya kuwa katika kila watoto kumi wa darasa la tatu, watatu tu waliweza kuisoma. Nawaomba mlifikiri jambo hili kwa makini: hadithi ile ilikuwa kwa Kiswahili, lugha ya mtoto ya kuchezea na ya kufundishiwa, wala haikuwa kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata nchi ilishtushwa na habari za watoto waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hali hawajui kusoma, na mtihani wa darasa la saba wa mwaka huo huo wa 2012 ukafaulisha watoto wasiofika theluthi moja. Mwaka 2013 waliofaulu walipita nusu. Mwaka 2023 walipita asilimia 80. Nafurahi kwa kila mtoto aliyefaulu, lakini idadi inayoshuka na kupanda kwa haraka kiasi hicho haiwezi kuwa inapima elimu peke yake, na mtu atakayetaka kujua hali ya watoto wetu kwa yakini itampasa awasikilize wakisoma, tena awasikilize wakiwa wangali wadogo.

Hoja ya pili: Mwili wa mtoto huingia darasani kabla ya akili yake

Watoto wengi wa shule zetu hutoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, wamekunywa chai ya rangi au hawakunywa kitu, wakatembea, wakafagia uwanja, wakasimama mstarini, na kufika saa nne, ambapo mwenye shilingi mia hununua muhogo wa kukaanga au kachori, na asiye nayo huenda bombani kunywa maji. Baada ya hapo ndipo mwalimu wa hesabu huingia. Mwalimu aliyezoea darasa atawaambieni bila ya kusoma kitabu chochote ni saa ngapi macho ya watoto huanza kuzima.

Madhara mengine yametangulia hata kabla ya hapo. Uchunguzi wa taifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulikuta ya kuwa katika kila watoto kumi walio chini ya umri wa miaka mitano, watatu wamedumaa. Udumavu huanza tumboni mwa mama na katika miaka miwili ya kwanza ya maisha, nao haumalizikii katika kimo. Hugusa ubongo ungali ukijengeka. Basi mtoto huyo anapoandikishwa darasa la kwanza amekwisha kupata hasara ambayo hakuitenda yeye, wala hakuitenda mwalimu, na ambayo hapana mtihani utakaoitaja. Itakuja kuitwa uzito wa kichwa.

Hapa nataka kusema juu ya uji. Serikali imetoa mwongozo wa chakula shuleni, na shule nyingi hutegemea wazazi walete mahindi, maharage au fedha kidogo za kumlipa mpishi. Utaratibu huu una sifa yake, kwa kuwa chakula cha watoto ni wajibu wa wazazi wao, na mahali palipo na kamati ya shule yenye nguvu umefanya kazi nzuri. Lakini ipo mahali ambapo mtoto ambaye mzazi wake hakuchanga huondolewa mstarini, akakaa chini ya mwembe akiwatazama wenzake wakinywa. Ndugu zangu, jambo hili halifai. Deni ni la mtu mzima. Kulidai kwa tumbo la mtoto wa miaka saba ni dhuluma, na naamini hapana dini wala mila ya pwani hii inayoihalalisha. Akosaye mzazi, afuatwe mzazi. Asiye na uwezo kabisa, kijiji kinamjua, na debe lake la mahindi linaweza kutoka katika shamba la shule au katika mfuko wa wale waliojaliwa.

Katika mambo ya mwili nitataja na mfano wa majirani zetu. Katika wilaya ya Busia, magharibi mwa Kenya, tangu mwaka 1998 shule 75 zilihusika katika jaribio la kuwapa watoto dawa za minyoo. Utoro ulipungua kwa kiasi cha robo, na hata watoto wa jirani ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa kuwa minyoo ya kuambukizana ilipungua. Waliofuatiliwa mpaka ukubwani walionekana kupata kipato kizuri zaidi. Walakini alama za mitihani ya shule hazikuonekana kupanda. Mtu mwenye haraka atasema basi dawa haina maana. Mimi nasema funzo lake ni kubwa: afya ilimleta mtoto mpaka darasani, na alipofika, ikawa zamu ya darasa lenyewe kufanya kazi yake. Nitarudi hapo katika hoja ya tano.

Hoja ya tatu: Ufukara huazima wakati wa mtoto, wala haurejeshi

Tumezoea kuupima ufukara kwa fedha. Mtoto huujua kwa saa. Kule Handeni na Kilindi, kiangazi kinapokaza na malambo yakakauka, msichana wa darasa la tano huamka usiku kwenda kupanga foleni ya ndoo, na kengele ya shule humkuta yuko njiani anarudi. Katika vijiji vya pwani kuanzia Mkinga mpaka Pangani, mvulana huvuta juya na watu wazima kukipambazuka, akapewa fungu la samaki la kupeleka nyumbani. Fungu lile ndilo kitoweo cha siku, na mama aliyemtuma anajua thamani yake vizuri. Wapo wanaouza karanga na visheti stendi, wapo wanaochunga, wapo wanaobaki kulea mdogo wao ili mama aende kibarua. Mwalimu huandika katika daftari la mahudhurio kwamba fulani ni mtoro, na kwa kanuni ya daftari hakukosea.

Mzazi huyu hatumsaidii kwa kumhutubia juu ya faida ya elimu. Amekwisha kupiga hesabu yake. Faida ya shule iko mbali, miaka kumi mbele, na haina hakika. Ndoo ya maji inatakiwa leo. Kwa hivyo lililo karibu na dawa ni lile linalobadili hesabu yenyewe: kisima kinachochimbwa karibu na shule, au ile ruzuku inayopitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, katika mpango wa kunusuru kaya maskini, ambayo sehemu yake hufungamanishwa na mahudhurio ya mtoto shuleni. Ruzuku ile si kubwa, lakini humpa mama sababu ya leo ya kumruhusu mtoto aende, na sababu ya leo hushindana vizuri na haja ya leo.

Kuna na wakati wa jioni. Mtoto ambaye mama yake alisoma huulizwa amefundishwa nini, huonyeshwa herufi aliyokosea, na pengine husomewa. Hapo amekwisha kupata mwalimu wa pili bila ya malipo. Mtoto wa nyumba isiyo na kitabu hata kimoja, ambaye mwanga wake ni wa kibatari na mafuta yake yanahesabiwa, huanza kila asubuhi pale alipoachwa na mwalimu jana, au nyuma kidogo ya hapo. Wengine hulaumu vyuo vya Kurani kwamba huchukua alasiri za watoto wetu wa pwani. Sikubaliani nao. Mtoto aliyepita chuoni amezoea kukaa, kusikiliza, kuhifadhi na kuheshimu herufi. Lau walimu wa shule na maalimu wa vyuo wangekuwa wakikaa pamoja na kupanga saa zao, nadhani pande zote mbili zingefaidika, na nashangaa ya kuwa jambo jepesi kama hili hufanyika kwa nadra.

Hoja ya nne: Fungu lililo sawa kwa wasio sawa

Mwaka 2002, ada ilipofutwa, kila mwanafunzi wa shule ya msingi alipangiwa ruzuku ya dola 10 kwa mwaka, ambazo kwa wakati ule zilikuwa karibu na shilingi 10,000. Mwaka 2016, michango ilipofutwa, kiwango kilikuwa bado shilingi 10,000, nazo hazikufika tena hata dola 5. Na katika hizo, asilimia 40 zilizuiliwa makao makuu kwa ajili ya kununulia vitabu. Shuleni zilibaki shilingi 6,000 kwa mtoto kwa mwaka. Zigawanyeni kwa siku 194 za masomo, mtapata shilingi thelathini na moja kwa siku, za chaki, mitihani, matengenezo, michezo na utawala. Simlaumu mtu kwa hesabu hii. Kufuta michango kulikuwa haki, na fedha za nchi zina mahitaji mengi. Lakini ni wajibu wetu kuijua.

Kinachonihuzunisha zaidi ya udogo wa fungu ni usawa wake. Shilingi zile zile 6,000 humwendea mtoto wa mtaa wenye nyumba za saruji na wazazi wenye mishahara, ambao wakiombwa kwa hiari huchangia mashine ya kudurufu na mlinzi, na humwendea mtoto wa kijiji cha kambi ya mkonge ambako kiwanda kilifungwa na wazazi wakabaki na vibarua. Kwenye karatasi wamepata sawa. Darasani, mmoja amepata maradufu. Ingekuwa insafu shule ya mahali penye dhiki ipewe zaidi, kwa kipimo kinachojulikana na wote: idadi ya kaya maskini zilizoandikishwa, umbali wa maji, wingi wa watoto kwa mwalimu.

Fauka ya hayo, wenye uwezo wanazidi kuondoka. Wamewapeleka watoto wao shule za Kiingereza za kulipia, na kila mzazi ana hiari yake. Ila wanapoondoka, huondoka na sauti zao. Mkutano wa wazazi wa shule ya serikali hupungukiwa na yule mhasibu ambaye angeuliza fedha zimekwenda wapi, na yule mwanasheria ambaye angeandika barua kwa mkurugenzi. Wanaobaki ni watu waaminifu, lakini wengi wao wamezoea kunyamaza mbele ya ofisi. Na tuisheni ya jioni, anayoilipia anayeweza, huongeza umbali ule ule kwa njia nyingine.

Hoja ya tano: Pamoja na yote haya, shule ina nguvu

Nahofia ya kuwa aliyenisikiliza hadi hapa atasema, kama mambo ni hayo basi mwalimu afanye nini, tusubiri nchi itajirike kwanza. Natija hiyo si sahihi, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka 1966 huko Marekani ilitoka ripoti mashuhuri ya James Coleman, iliyowahusu wanafunzi zaidi ya laki sita, nayo ilionyesha ya kuwa hali ya nyumbani ina uzito mkubwa katika matokeo ya mtoto kuliko tofauti za shule. Ripoti ile ilisomwa dunia nzima, na wengi waliichukua kuwa kanuni ya watu wote. Lakini mtaalamu mwingine, Stephen Heyneman, aliyeanzia uchunguzi wake katika shule za msingi za jirani zetu wa Uganda, alikuta mambo yakigeuka. Na mwaka 1983, pamoja na mwenzake William Loxley, alichapisha ulinganisho wa nchi 29, ukionyesha ya kwamba kadiri nchi ilivyo maskini, ndivyo ubora wa shule na wa mwalimu unavyozidi kuwa na uzito katika alichojifunza mtoto. Sababu yake si ngumu kuiona. Nyumba isiyo na kitabu haina kingine cha kumfundishia mtoto kusoma isipokuwa shule. Basi kwa mtoto fukara mwalimu mzuri ni karibu urithi wake wote, na kwa mtoto huyo huyo mwalimu asiyeingia darasani ni hasara isiyo na fidia.

Sasa, nguvu hiyo hufanya kazi namna gani? Tuna ushahidi wa nchini mwetu. Mwaka 2013 na 2014, katika shule 350 za wilaya kumi za Tanzania, lilifanywa jaribio lililosimamiwa na shirika la Twaweza. Baadhi ya shule zilipewa fedha za ziada, shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine hazikupewa fedha, lakini walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa bahashishi ya shilingi 5,000 kwa kila mtoto aliyefaulu kipimo chepesi cha kusoma au kuhesabu. Nyingine zilipata vyote viwili. Fedha peke yake hazikuongeza elimu ya watoto. Bahashishi peke yake ilileta mabadiliko madogo. Lakini pale vilipokutana vyote viwili, watoto walijifunza zaidi, tena kwa kiasi kilichozidi jumla ya viwili hivyo vikihesabiwa mbali mbali.

Naomba tusilichukue jambo hili kuwa hoja ya bahashishi tu. Kuna njia nyingi za kumheshimu mwalimu, na nyumba yenye paa zima ni mojawapo. Linalofundishwa hapa ni kwamba mahitaji hukamilishana. Vitabu bila mwalimu mwenye ari hubaki kabatini, na mwalimu mwenye ari bila vitabu huchoka upesi. Huko Busia tena, shule ziligawiwa vitabu vya kiada, na walionufaika ni wale watoto waliokuwa wakiongoza tangu zamani. Wengine hawakubadilika, kwa sababu vitabu vile vilikuwa kwa Kiingereza, na wengi hawakuweza kuvisoma. Msaada uliotolewa kwa wote ukawafikia waliokwisha kufika. Na magharibi mwa Kenya vile vile, mwaka 2005, shule zilipogawa darasa la kwanza katika makundi mawili kwa kadiri ya walichokijua watoto, kundi la nyuma lilipanda pamoja na kundi la mbele, kwa vile kila mwalimu aliweza sasa kufundisha pale watoto wake walipo.

Kwa ushahidi huu wote nauliza swali moja kwa walimu wakuu walio hapa, na nauliza kwa upendo: mwalimu wako aliye bora kuliko wote, leo yuko darasa la ngapi? Katika shule nyingi yuko la saba, kwa kuwa la saba ndilo linalotangazwa. Darasa la kwanza, lenye watoto wengi kupita yote, huachiwa mwalimu mgeni, au anayekaribia kustaafu, au aliyeadhibiwa. Siwalaumu, maana mnapimwa kwa la saba. Lakini mtoto wa nyumba yenye vitabu ataweza kustahimili darasa la kwanza baya. Mtoto wa nyumba isiyo na kitabu hataweza, na akifika la saba bila kujua kusoma, hata mwalimu bora kuliko wote wa mkoa huu atamkuta amekwisha kuchelewa.

Mbele yetu

Mheshimiwa Mwenyekiti, mabadiliko makubwa yako karibu, nayo ndiyo yaliyonifanya nione mhadhara huu una wakati wake. Sera ya elimu iliyotolewa upya mwaka 2023 inafanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, na mitaala mipya ilianza kufundishwa Januari 2024. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka huo watamaliza la sita mwaka 2027, pamoja na wenzao wa la saba wa utaratibu wa zamani, na mikupuo yote miwili itagonga mlango wa sekondari Januari 2028. Mji mzima utazungumzia madarasa na madawati ya sekondari, na ni haki yazungumzwe. Ila mtoto wa utaratibu mpya amepunguziwa mwaka mmoja wa msingi, na aliyezoea kujifunza kusoma kwa kuchelewa, katika darasa la nne au la tano, hatakuwa tena na mwaka wa kufidia.

Kwa hivyo naleta mbele yenu mambo machache ambayo hayahitaji kusubiri sheria. Kamati za shule zikubaliane, kabla ya Januari ijayo, ya kwamba hapana mtoto atakayeondolewa kwenye uji kwa deni la mzazi, na kaya zisizo na uwezo ziorodheshwe na wajumbe wa mitaa kwa siri na kwa staha. Walimu wakuu wapange walimu wao bora darasa la kwanza na la pili, na maafisa elimu kata wawapongeze kwa hilo hadharani. Kila muhula wa kwanza unapokwisha, kila mtoto wa darasa la pili asikilizwe akisoma ukurasa mmoja wa Kiswahili, na mzazi aambiwe kwa mdomo, kwa lugha nyepesi, mwanawe yuko wapi. Waheshimiwa madiwani nawaomba, mnapopanga fedha za ndani za halmashauri, mwanze na shule zenye watoto wengi zaidi kwa mwalimu mmoja, hata kama shule hizo hazina mtu wa kuja kuzisemea. Na waliosoma katika shule za serikali za mkoa huu, ambao leo watoto wao wanasoma kwingine, warudi kwenye mikutano ya shule zilizowafundisha, hawatanyimwa kiti.

Muda wa maswali umefika. Namwomba Mwenyekiti awape nafasi ya kwanza ya kusema walimu wa darasa la kwanza waliomo ukumbini, na sisi wengine tuwasikilize mpaka wamalize, kabla ya waheshimiwa hawajaanza.